Vikombe vya Thora

Vikombe vilikuwa vimegeuka. Corinne Hauk alivipanga mwenyewe asubuhi ile, arobaini na kitu, vishikio vyote vikitazama kulia. Kisha akatoka kufunga mifuko ya mchanga kwenye nguzo za hema lake pale maonyesho ya kazi za mikono, maana upepo wa Ziwa Michigan hauna adabu. Aliporudi, vishikio vyote vilitazama kushoto.

"Delbert! Umenichezea vyombo?" alimuuliza jirani yake, mzee mchonga bata wa mbao.

"Mimi? Nina bata mia wa kupanga hapa. Vikombe vyako vya nini?"

Akasonya, akavirudisha. Alimjua mtu mmoja tu aliyepanga vikombe namna hiyo, kikongwe mmoja mashoto, na mtu huyo alizikwa Februari.

Thora Lindqvist ndiye aliyemfundisha Corinne ufinyanzi, miaka kumi na minne. Alipofariki, funguo za karakana zilikuwa kwa Corinne. Basi mwanamke yule, bila haya hata chembe, akahamisha rafu nzima ya vyombo kabla mpwa wa marehemu hajafika, akaisaga kwa mashine ile chapa ya samaki, alama ya Thora, chini ya kila chombo, akachora jina lake, akapeleka picha kwa waamuzi wa maonyesho. Na maonyesho yetu yana sheria isiyo na mjadala: aliyekitengeneza kitu kwa mikono yake ndiye asimame kibandani. Ukikamatwa na kazi ya mwenzio unafutwa, na habari zako zinakutangulia kila mji. Mimi nilikuwa kibanda cha mkabala nauza picha za ziwa, nikadanganyika kama wengine.

Saa nne wateja wakaingia. Mama mmoja akainua birika. "Dada, hili umefinyanga mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Kitu kikamkwaruza ulimi. Akatema kwenye kitambaa, akaona mchanga. Akadhani vumbi la njiani. Mteja wa pili alipouliza, akajibu vilevile, na safari hii likamtoka donge la udongo mbichi wa kijivu, na hema zima likaanza kunuka ndoo ya udongo iliyolala wiki nzima bila kumwagwa.

"Bibi yako ana maneno matamu," alisema yule mteja. "Katueleza habari zote za tanuri."

"Bibi gani?"

"Si huyo aliyekaa kitini nyuma yako?"

Corinne hakugeuka. Alisikia gurudumu la kufinyangia likizunguka nyuma ya kisogo chake, taratibu, ilhali gurudumu hakuja nalo.

Delbert akamvuta pembeni. Uso ulikuwa umemsawijika. "Nimemwona," alinong'ona. "Thora. Kakaa pale, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Niambie kweli, mama, vile vyombo vya nani?"

"Vya..." Akakohoa. Shavu likavimba. "Vyangu."

"Acha ukaidi! Taja jina lake, labda atakuachia."

"Nikilitaja nimekwisha, Delbert. Sina kazi nyingine duniani."

Adhuhuri, jua likichoma turubai, waamuzi watatu wakaja na utepe wa bluu wa mshindi, na kadiri walivyokaribia ndivyo lile gurudumu lilivyozidi kasi, likivuma hadi bata wa Delbert wakatetemeka mezani, na vikombe vikaanza kugeuka mbele ya macho yetu, kimoja kimoja, kushoto, kushoto, kushoto, na Corinne amesimama katikati amejiziba mdomo kwa mikono miwili, maji ya kijivu yakimchuruzika katikati ya vidole.

"Hongera," alisema mwamuzi mkuu, Bi Pruitt, ambaye alikuwa hajamtazama vizuri. "Kwa sheria yetu nakuuliza mbele ya watu. Hivi umetengeneza wewe?"

Corinne akanitazama mimi, akamtazama Delbert. Akaondoa mikono.

"Thora Lindqvist," alisema. "Vyote vya Thora. Niliviiba."

Gurudumu likasimama. Udongo ukamtoka wote, akavuta pumzi ndefu, akalia kama mtoto. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilimpenda Thora, na mwizi sina huruma naye.

Bi Pruitt akauweka utepe mfukoni. Akauliza kwa upole, "Hapa hamna chochote chako hata kimoja?"

Corinne akapiga magoti, akapapasa chini ya meza, akatoa bakuli dogo lililopinda upande mmoja. Aliliumba mwenyewe baada ya mazishi, akaona aibu kuliweka mbele za watu. Alilikumbatia kifuani.

"Hili," alisema. "Haki ya Mungu, hili moja ni la..."

Taya zikamfunguka zenyewe. Ndipo kutoka kwenye kile kiti kitupu tukasikia sote sauti ya kikongwe, tulivu kabisa, wala haina haraka.

"Mikono iliyoliumba niliifundisha mimi. Hilo nalo langu. Na mikono yenyewe."

Corinne alitaka kukataa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukauka na kupasuka kama udongo wa juani, na kooni udongo ulikuwa umepanda hadi kwenye meno.