Msonyo Kutoka Chumba cha Popo

Msonyo wa kwanza ulisikika wakati wa chakula cha mchana. Felista alikuwa anamwekea mwanawe ugali, mara mtu akasonya karibu kabisa, msonyo mrefu wa dharau.

"Revocatus, unanisonya mimi mama yako?"

"Sijakusonya, Mama. Ni panya."

Panya wa kusonya! Hilo ndilo jibu la mtu aliyekwenda Ubelgiji kufundisha baiolojia, kwa mpango wa vyuo kubadilishana wahadhiri, akarudi kijijini Susuni hajui tena hata kumjulia hali jirani. Maji ya kisima aliyaona yananuka. Wajomba zake aliwaita "wenyeji", kana kwamba yeye alizaliwa uwanja wa ndege.

Sasa ilikuwa zamu ya mwenzake, Dokta Lotte, kuja huku kutafiti popo. Juu ya kijiji kuna pango ambalo watu humwaga maziwa mlangoni, na hakuna anayeondoa kitu humo. Lotte aliuliza kama wameomba ruhusa.

"Wazee wamekubali," alisema Revocatus. Hakuwa amemwuliza hata mmoja. Asubuhi ya siku ile ya msonyo aliingia pangoni na viatu, akanasa popo jike mzee, akamuua, akamtia kwenye chupa ya spiriti chumbani kwake.

Tangu hapo nyumba ilinuka maziwa yaliyooza. Mlango wa chumba ukifungwa, kitu kilisonya ndani, ukifunguliwa, kimya. Lotte akahamia kwa mwalimu Judith. Revocatus alicheka tu. "Hofu za watu wasiosoma," alisema, ingawa mwenyewe alikuwa ameanza kulala sebuleni.

Ikafika semina ya walimu wa sekondari, asubuhi ya jua kali. Revocatus alisimama mbele, tai imembana shingo, akafungua mdomo kuanza, na ule msonyo ukatoka, si nyuma yake wala darini, bali kooni mwake mwenyewe, kisha ikafuata sauti ya bibi kizee, ikisema Kikurya safi ambacho yeye alidai amekisahau, ikieleza taratibu jinsi alivyoingia na viatu, alivyoua, alivyomdanganya mgeni wake, huku macho yakimtoka na mikono yake ikihangaika kuufunga mdomo usiofungika, na harufu ya maziwa yaliyooza ikijaa ukumbi hadi walimu wa mbele wakaziba pua.

Judith alimtafsiria Lotte kwa kunong'ona.

"Uliniambia walikubali," Lotte alimwambia Revocatus. Akatoka, na jioni ile akaondoka Susuni.

Kesho yake Felista alimwita Simioni, mtunza pango, mtu mkali asiye na subira. Walimpeleka Revocatus pangoni peku, na ile chupa mkononi. Simioni akamzika popo, akamwaga maziwa, akageuka.

"Mwamkie."

"Nani?"

"Uliyemuua. Mwamkie kama mwenye kwake."

"Mimi ni msomi, siwezi kumwamkia popo."

"Basi kaa naye."

"Mwanangu, nakuomba," Felista alinong'ona, machozi yakimtoka. "Sema."

Revocatus alitazama huku na huku kama kuna mtu wa chuoni anayemwona. Hata hapo alijali hilo! Mwishowe akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Wakasubiri. Felista alimshika Simioni mkono. Pango lilikuwa kimya, hata popo hawakusogea, na Revocatus akaanza kuvuta pumzi ya mtu aliyepona.

Ndipo midomo yake ikajikunja yenyewe, polepole, ikasonya.