Pikipiki ya Kuinuliwa na Watu Wawili

JUMANNE, SAA 9:00 ALASIRI

Pikipiki tatu, zote za wizi, zilipangwa ukutani kwenye chumba cha nyuma cha gereji ya Yeremia pale Shelui. Mlango ulikuwa na komeo. Mazengo, mwenye mpango wa uporaji, alikalia tairi bovu, bastola imelala pajani.

"Kesho saa saba. Antipasi, yule mnunuzi wa dhahabu. Saa hiyo mlinzi wake huenda kula. Mimi na Ignas tunaingia. Yeremia, unangoja nje, injini inanguruma. Dakika tatu. Halafu lami kilomita kumi, tunachepuka porini, tunatokea Kinyangiri. Shelui hatuijui tena. Sasa, fundi, nichagulie chuma."

Yeremia alizijua pikipiki kuliko alivyomjua mkewe, na mkewe alishamkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Akaigusa ya kwanza, ile ya bodaboda.

"Hii porini inafika popote, ila kwenye lami difenda ya polisi inatukamata mapema." Akaigusa ya pili: nyembamba, ndefu, shokapu zimenyooka, tairi za kashata, zenye meno makubwa. "Hii ndiyo. Lami inakimbia vya kutosha, mchangani inaelea. Tutafute nyingine kama hii."

"Na lile?" Mazengo alinyoosha bastola kwenye la tatu. Dude la silinda mbili, taa tatu mbele, tanki kama tumbo la ng'ombe aliyetoka kunywa.

"Hilo ni la lami, Bosi. Tairi hazina meno. Kilo mia mbili na arobaini. Likilala korongoni huliinui."

"Mimi? Nishindwe na pikipiki?"

Yeremia akalishika usukani. Alililaza chini polepole. "Inua."

Mazengo alivuta. Mishipa ya shingo ikamtoka, suruali ikapasuka nyuma, dude halikutikisika. Ndipo Ignas, mdogo wake Yeremia, akaja huku anacheka, akashika keria, wakaliinua wote wawili.

"Umeona? Linainuliwa na watu wawili," Yeremia alisema.

"Basi nitampakia Ignas," Mazengo akajibu. Hakucheka. "Nimelichukua."

Jamani, kuna wanaume wanachagua pikipiki kama koti la harusi! Lakini Yeremia alikuwa na lake rohoni. Asubuhi ile mama yao, Hana, alipiga simu kutoka Kinyangiri. "Mdogo wako nimekuachia wewe. Nirudishie mzima." Naye kwa mdomo wake mwepesi akaapa.

JUMATANO, SAA 6:50 MCHANA

Nyuma ya duka la Antipasi, Yeremia alikagua pikipiki zote mbili, yake ile nyembamba na lile dude la Mazengo, kwa mara ya mwisho. Mkono ukasimama. Vikanyagio vya abiria kwenye lile dude havikuwepo. Bolti zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, safi kabisa.

"Bosi, Ignas ataweka wapi miguu?"

"Vingekwaruza begi la dhahabu. Ataning'iniza."

Wakatazamana. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano huyo, aelewe au asielewe? Pikipiki isiyo na vikanyagio vya nyuma haimtarajii mtu wa nyuma. Yeremia alielewa, na Mazengo akaona kwamba ameelewa. Mkono wa Mazengo ulikuwa ndani ya koti. Yeremia akaogopa, akanyamaza.

"Kaka, mbona umekunja uso?" Ignas alivaa helmeti, anatabasamu. "Jioni tunakula kuku kwa mama."

"Kaa karibu na mlango," Yeremia alimnong'oneza. Hilo tu. Mungu amsamehe, hilo tu.

SAA 7:04

Mlango ulikuwa wazi, Yeremia akaona yote. Mazengo alimpiga Antipasi mdomoni kwa kitako cha bastola, meno yakamwagika juu ya mizani. Ignas akasomba dhahabu, akafunga begi, akampa bosi wake.

Mazengo alilipokea kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akampiga Ignas risasi ya tumbo.

Alitoka anafyatua risasi. Kioo cha pembeni cha pikipiki ya Yeremia kikapasuka. Dude likanguruma, likaondoka.

Yeremia alimburuta mdogo wake, akampandisha, akamfunga mgongoni kwake kwa mipira ya kufungia mizigo.

"Hospitali, Ignas. Ni hapo tu."

"Polisi watanichukua. Nipeleke kwa mama, kaka. Usiniache."

"Sikuachi."

SAA 7:40

Kwenye njia ya Kinyangiri, alama za tairi zisizo na meno zilikata pori, zikayumba, zikaingia korongoni. Mchanga ulikuwa mwingi. Dude lilikuwa limelala, na Mazengo yuko chini yake, eksozi imemlalia paja. Nyama ilinuka. Begi lilibanwa hapo hapo. Bastola ilikuwa mbali, mkono haufiki.

"Yeremia! Mwanangu! Inua! Dhahabu yote chukua wewe!"

Yeremia hakuzima injini. "Linainuliwa na watu wawili, Bosi. Nilikwambia."

"Si Ignas huyo nyuma yako! Ignas, shuka, baba! Msaidie kaka yako!"

"Mwite tena."

"Ignas! Ignas!"

Shavu la Ignas lilikuwa begani kwa kaka yake. Pumzi iliyokuwa ikimpiga Yeremia shingoni ilikuwa imekatika tangu walipoiacha lami, naye aliendelea kuendesha huku anamsemesha.

"Wa pili ulimpiga risasi mwenyewe," Yeremia alisema, na machozi yakamtoka.

Tanki lilikuwa limetoboka. Petroli ilikuwa inachuruzika kuelekea kwenye eksozi, imebaki shubiri moja. Mazengo hakuiona. Fundi aliiona.

Safari hii pia alinyamaza.

Alipokuwa anapanda ukingo wa pili alisikia mwako nyuma, halafu ukelele mrefu. Hakugeuka.

SAA 9:30 ALASIRI

Hana alikuwa uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Aliposikia injini akaiacha, akapangusa mikono. Macho yake hayakuwa mazuri siku hizi, lakini watu wawili juu ya pikipiki aliwaona, akafurahi.

Yeremia alisimamisha pikipiki mbele yake. Hakuthubutu kushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakinga jua kwa kiganja, akamchungulia yule wa nyuma. "Na huyo mwenzako? Mjini ndiko wamemfundisha kutonisalimia?"