Safari ya Upande Mmoja

Saa saba ile ya mchana kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika magari, na mpima maji alikuwa amesimama kando ya gari lake akimlalamikia mtu wa pampu ambaye wala hakuwa akimsikiliza. Alivaa gauni la bluu la kazini na kitambaa cha manjano kichwani. Alipolinunua gari lile aliapiwa kwamba haibridi, gari la petroli na umeme, hainywi mafuta. Sasa kila wiki lilimpeleka kwenye mitambo ya maji ya mbali kuchukua sampuli, na kila wiki lilirudi likiwa na kiu ya ng'ombe wa kiangazi.

"Na mjini je?" sauti iliuliza nyuma yake. "Mjini linakunywaje?"

Aligeuka akamwona mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu, kola yake safi kuliko mikono yake, ameshika dumu tupu. Alitaka kumwambia hakuna aliyemuuliza, lakini swali lilikuwa zuri. Mjini gari lilikuwa na adabu zake, kilomita ishirini na tano kwa lita, siku nyingine zaidi. Barabara kuu ndiyo iliyolitia wazimu.

"Basi halina kosa, dada. Mjini kila ukikanyaga breki linajirudishia umeme kwenye betri. Barabara kuu breki unaikanyaga wapi? Injini inabaki kuhangaika peke yake, na wewe hapo unakwenda mia na ishirini."

"Nani kakwambia nakwenda mia na ishirini?"

"Wadudu kwenye kioo chako."

Alicheka bila kupenda. Yule mwanamume alikuwa amekwisha kuinama na kubonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema tairi nazo zina njaa.

Alikuwa fundi wa magari ya haibridi, na karakana yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka pale. Wenzake walimwita Tisini, kwa sababu hakuna mteja aliyetoka mlangoni kwake bila kuhubiriwa habari ya kilomita tisini kwa saa. Ukizidisha hapo, alisema, upepo unakuwa ukuta, na kila kilomita unayoongeza unaisukuma kwa mafuta. Alijaza tairi upepo. Alisafisha kichujio cha hewa ya betri chini ya kiti cha nyuma, kilichokuwa kimeziba kwa vumbi. Alifungua vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa, ambavyo mpima maji hakuwahi kuvitumia hata siku moja. Mpima maji alipokuwa anawasha gari aondoke, fundi aliegemea dirisha.

"Jambo moja. Usilihukumu gari kwa safari ya upande mmoja. Kuna kilima, kuna upepo. Nenda, rudi, ndipo useme."

Wiki iliyofuata mpima maji alimpigia simu akiwa ameegesha nje ya mtambo, akamwambia namba iliyokuwa kwenye skrini ya gari. Ishirini na mbili. Kesho yake fundi ndiye aliyepiga, akasingizia tairi. Baada ya hapo hawakuhitaji kusingizia kitu. Likawa zoea lao: kila akifika alikokwenda, badala ya kuandika kwamba amefika salama, mpima maji alituma namba tu, na fundi akajua mpenzi wake amefika, amekwenda polepole na hana hasira. Siku moja alituma kumi na saba, na simu ikalia kabla hajafungua mlango.

"Mama Chupa," fundi alisema, maana chupa zake za sampuli hazikuacha kugongana huko nyuma, "nani kakuudhi?"

"Bosi."

"Sasa bosi kakuudhi, mguu wako unaniulia injini ya nini? Niudhi mimi, liache gari."

"Wewe sijakuzoea hivyo."

"Utanizoea. Mimi nimeshajipanga kuzoewa."

Mpima maji alicheka peke yake ndani ya gari mpaka mlinzi wa mtambo akamtazama. Alimpenda, na aliogopa, na kuogopa kwenyewe hakukuwa kwa bure. Mchumba wake wa kwanza alikuwa mtu wa safari za kikazi, na miaka mitatu baadaye alikutwa na mke na mtoto katika mji mwingine. Hakuumbuliwa na mtu. Saa za safari zake ndizo zilizokataa kukubaliana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa pabaya.

Ndipo fundi akaazima gari la mpima maji. Lake lilikuwa limefunguliwa injini, naye alitaka kwenda kwa mama yake, kilomita mia tatu na arobaini, kule nchi inakoshuka na joto kuanza. Alitaka kumweleza mama habari ya mtu fulani. Alisema hivyo akiwa anatazama viatu vyake, na mpima maji akampa ufunguo akiwa anatazama viatu hivyo hivyo.

Fundi alirudi Jumapili saa sita mchana, amechoka, akicheka. Aliondoka kwa mama saa mbili asubuhi, akasema, na njia nzima hakuvuka tisini. Mama alikuwa na furaha na alitaka kumwona huyo mkwe. Swali lenyewe la ndoa fundi alikuwa hajaliuliza bado, alisema ataliuliza kwa utaratibu, siku watakayokwenda wote kwa mama.

Jumatatu asubuhi mpima maji aliwasha gari aende maabara. Fundi alikuwa na desturi ya kufuta namba kila anapoanza safari, kwa hiyo skrini ilionyesha safari ya kurudi: kilomita mia tatu na arobaini, wastani wa kumi na tano nukta nne.

Aliitazama mpaka gari la nyuma likapiga honi. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kupima. Ukimpa glasi ya maji, hanywi kabla hajaiinua kwenye mwanga. Basi aliinua namba ile, akaipigia hesabu alizofundishwa na fundi mwenyewe. Tairi zilikuwa sawa. Paa lilikuwa tupu. Gari hili halisomi kumi na tano kwa mwendo wa tisini, linasoma hivyo kwa mia na thelathini. Na anayekwenda mia na thelathini akafika saa sita, hakuondoka saa mbili. Aliondoka kama saa tatu na nusu. Saa moja na nusu ilikuwa imepotea, na yeye alijua kutoka zamani saa zilizopotea huwa zimelala kwa nani.

Alimpigia dada yake mkubwa, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza kama ana homa. Alikata simu, akaenda karakana.

Fundi alikuwa chini ya gari, akatoka akiwa na uso wa furaha, na furaha ile ikamwishia taratibu kadiri mpima maji alivyozungumza. Alipomaliza, fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Naweza kukueleza," alisema. "Ni maneno mawili tu."

"Nieleze."

"Kwanza niambie. Hapa unaniuliza mimi, au umeshaiuliza skrini ikakujibu?"

"Skrini haina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Mpima maji alipaswa kusema hapana, neno lenyewe lilikuwa karibu, lakini halikutoka.

"Basi sikuelezi," fundi alisema, bila kupandisha sauti. "Nikijitetea leo kwa namba, kesho utanidai namba nyingine. Nyumba haijengwi hivyo, mpenzi. Tutakuwa tunapimana mpaka tuzeeke."

Akarudi chini ya gari. Mpima maji akaondoka akijiambia kwamba njia ya mwongo ni fupi, na mwenye haki angejitetea. Wiki tatu zilipita bila namba kutumwa. Kila alipofika alikokwenda aliandika namba kwenye simu, akaifuta, akabeba chupa zake.

Wiki ya nne bosi alimtuma mtambo mpya. Ulikuwa kule kule nchi inakoshuka, mwendo mfupi kutoka mji wa mama yake fundi. Asubuhi alifuta namba za zamani kwenye skrini, akashika tisini yake. Barabara ilikuwa inateremka hatua kwa hatua, na upepo, aliouona kwa majani yaliyolala kando ya njia, ulikuwa unamsukuma mgongoni. Alipozima gari mtamboni, skrini ilisoma ishirini na saba. Alikuwa hajawahi kuona namba hiyo maishani mwake.

Alikaa bila kushuka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini wahenga hawakuwa na gari. Kwa gari ngoma iko kwenye kupanda. Fundi alikuwa amepandisha kilomita mia tatu na arobaini, upepo umemkaba usoni, na namba aliyoisoma mpima maji Jumatatu ile ilikuwa ya kupanda peke yake. Kumbe alikuwa ameambiwa. Siku ya kwanza kabisa, dirishani, aliambiwa.

Alichukua sampuli, akarudi garini. Jibu lote lilikuwa linamngoja njiani. Angerudi kwa tisini ile ile, skrini ingesoma kumi na tano na kitu, naye angeingia karakana akiwa na ushahidi mkononi. Alishika ufunguo, akaona aibu. Kwani hicho ndicho alichokuwa amekikosa, ushahidi? Alibandua lebo mojawapo ya zile anazobandika kwenye chupa, akaandika juu yake ISIFUNGULIWE, akaanza namba upya kwenye skrini, akaibandika lebo juu yake.

Upepo ulivuma njia nzima. Injini ilikuwa inaguna vilimani, na mara mbili kidole chake kilikwenda kwenye lebo na kurudi.

Fundi alikuwa anafunga mlango wa karakana jua likielekea kuzama, amevaa shati jeupe badala ya ovaroli. Aliliona gari, hakusogea.

"Nimetoka kwenu," mpima maji alisema. "Nilifika karibu na kwa mama, sikuwa na uso wa kwenda kubisha hodi."

Fundi aliinama dirishani kama siku ile. Macho yake yalikwenda kwenye skrini. Alisoma lebo, akakunja uso.

"Imesoma ngapi?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe?"

"Kushuka ilisoma ishirini na saba. Kupanda sijatazama."

"Kwa hiyo ishirini na saba ndiyo iliyokuleta." Sauti yake ilikuwa na uchovu. "Na kama upepo usingekuwepo leo?"

Lilikuwa swali la haki, na mpima maji hakulikwepa. "Ishirini na saba ilinionyesha ujinga wangu," alisema. "Lakini ujinga ningeweza kuuthibitisha kwa namba ya kurudi, nikaja kukuomba radhi kama karani. Nimeifunika. Nimekujia wewe tu, bila namba. Nisamehe. Siku ile uliponiuliza kama unayo sababu ya kunidanganya, jibu lilikuwa hapana. Limechelewa wiki nne."

Fundi alizunguka gari, akabonyeza tairi moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, zote nne, na mpima maji akamwacha amalize. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaketi, chupa zikagongana nyuma.

"Mama anauliza kila siku mkwe anakuja lini," alisema. "Nimeishiwa uongo wa kumwambia."

"Swali lako hujaniuliza bado."

"Nilisema nitaliuliza huko."

"Basi Jumamosi. Wewe utashusha, mimi nitapandisha."

Fundi alinyoosha mkono kwenye skrini. Mpima maji alidhani anakwenda kuibandua ile lebo, akajikaza asimzuie. Kumbe alikuwa anaibonyeza kona moja iliyoanza kuachia, ishike tena.