Aliyeshika Chuma kwa Ndani

Misumari ya shaba iliniishia jua likizama, na mbao mbili tu zilikuwa zimebaki. Nikamwambia mke wangu nafika dukani mara moja kabla hawajafunga.

"Ukirudi msalimie mke mwenzangu," akasema, bila kuinua macho kwenye nguo alizokuwa anapiga pasi.

Mke mwenza ni boti. Boti kuukuu ya uvuvi niliyopewa bure na mjane wa mtaa wa pili, nikaiweka bandani nyuma ya nyumba. Mimi ni fundi friji. Mbao nilikuwa sizijui, ila nilijiambia hiyo ni kazi ya miezi mitatu. Sasa huo ulikuwa mwaka wa nne. Ukibadilisha ubao huu, wa pembeni umeoza. Ukiziba nyufa kulia, kushoto kunaachia. Jirani yangu muuza mkaa hakuchoka kuniuliza kama nasubiri gharika.

Jioni hiyo nilikuwa nimemwomba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aje anisaidie. Kupigilia ubao wa boti ni kazi ya watu wawili. Wa nje anapiga nyundo, wa ndani anakandamiza kipande cha chuma ili ncha ya msumari ipinde na kuuma mbao. Peke yako huwezi.

Niliporudi na misumari, banda lilikuwa limeshaanza kuingia giza. Ndani ya boti nikasikia chuma kikigongwa.

Ko.

"Shemeji, umeshaingia?"

Ko.

Nikacheka. Shemeji ni mtu wa maneno mengi, nikadhani siku hiyo ameamka vibaya. Nikaweka ubao mahali pake, nikaanza kazi.

Alikuwa hodari. Kila nikipiga, chuma kilikuwa pale pale ncha inapotokea. Halafu nikaona jambo. Kabla sijachagua tundu la kupigilia, nilisikia chuma kikiburuzwa kwa ndani... kikasimama. Nami nikapiga hapo hapo. Si mimi niliyekuwa naongoza kazi.

Na ile harufu. Si ya samaki. Ilikuwa kama nguo mbichi iliyofungiwa mfukoni wiki nzima.

"Umechoka?" nikauliza.

Kisha, karibu sana na sikio langu, upande wa pili wa ubao, sauti ikanong'ona:

"Bado mmoja."

Ndipo nikasikia mlango wa uani.

"Hodi... Samahani, shemeji. Tairi la pikipiki limenipasukia njiani."

Alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia ya pikipiki mkononi.

Nyundo yangu ikabaki hewani.

Ko, chuma kikagonga ndani. Kinanisubiri.

Shemeji aliwasha tochi ya simu, tukachungulia wote wawili. Hapakuwa na mtu. Kipande cha chuma kilikuwa chini, kinachuruzika maji. Boti ambayo miaka minne haijagusa maji.

"Ulikuwa unafanya kazi na nani?" shemeji akaninong'oneza.

Tulikwenda kwa mjane jioni ile ile. Tulimkuta sebuleni anakunja mashuka. Hakuuliza tumefuata nini.

"Zimebaki mbao ngapi?"

"Mmoja, mama."

Mikono yake ikasimama juu ya shuka.

"Mume wangu alitaka chombo kisichorudi kitupu," akasema polepole. "Akaenda kwa mtu, akapewa masharti. Hakuniambia ni masharti gani. Siku ya kwanza alitoka na mdogo wake. Jioni alirudi peke yake." Akaliweka shuka kando. "Lakini chombo hakikurudi kitupu."

Shemeji aliangalia mlango.

"Akakipasua, akaacha kuvua. Akawa anakitengeneza miaka ishirini. Watu wakamcheka, eti fundi asiyemaliza. Hakushindwa kumaliza, mwanangu. Kila akibakiza ubao mmoja, anang'oa mbili."

"Na ukiisha wa mwisho?"

"Yule wa ndani atataka kwenda. Na chombo kile ni cha watu wawili."

"Nikikichoma moto je?"

"Muulize aliyejaribu," akasema, "ukimpata."

Nilihisi hasira kuliko woga. "Sasa kwa nini ulinipa mimi, mama?"

Aliniangalia kwa huruma. "Mzee alishafariki, na mikono yangu haina nguvu za kung'oa. Nikasikia mtaani kwamba wewe ni mtu wa kuanza mambo tu."

Tangu siku hiyo nikitoka kazini nashika mtaimbo badala ya nyundo. Mke wangu aliacha utani, akawa ananishikia taa. Naye shemeji hakukanyaga tena kwetu, na simlaumu. Ninang'oa mbao mbili. Asubuhi nakuta mmoja umerudi, misumari imepinda vizuri kwa ndani. Nang'oa tena. Hivyo tuliishi miezi miwili, na nikaanza kuzoea, maana binadamu huzoea kila kitu.

Juzi niling'oa mbili. Asubuhi nilikuta zimerudi zote.

Nikapiga magoti kukagua misumari. Mke wangu akainama na taa. Vichwa vya misumari havikuonekana. Kwa nje zilikuwepo ncha tu, zimepinda na kuuma mbao kisawasawa.

Aliyepiga nyundo usiku huo alikuwa ndani. Aliyeshika chuma alikuwa nje.

"Mimi nililala," nikamwambia mke wangu. "Uliniona nimelala."

Alinishika mikono yote miwili, akageuza viganja juu, akasogeza taa karibu.

Vilikuwa vimejaa malengelenge mapya.