Tairi Mbili Zisizoguswa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aijarkyn alivunja barafu iliyoganda juu ya ndoo, akatia samadi kavu kwenye jiko la chuma, kisha akamfuata baba yake zizini kunywesha ndama. Baba yake, Eshimbek, alishika ndoo ya maziwa yaliyopashwa moto, naye Aijarkyn akatumbukiza kidole. Yakiwa ya moto mno alisema, "Bado." Yakiwa vuguvugu alisema, "Sasa," na ndama akapewa.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Kabla Aijarkyn hajazaliwa, Eshimbek alinaswa na dhoruba ya theluji akichunga farasi, na baridi ikamla ncha za vidole. Vidole vilibaki mahali pake, lakini havikuhisi tena moto wala baridi, ugumu wala ulaini. Aliweza kufunga nati kwa spana, na kuendesha gari alikuwa hodari kuliko wote pale kijijini Jylgyn. Lakini kitu cha kupapasa alimwachia binti yake. "Wewe ndiye vidole vyangu," alizoea kumwambia, na Aijarkyn, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alitembea kifua mbele kwa sababu ya maneno hayo.

Gari lao jekundu ndilo pekee kijijini lililovuka mlima wa Ak-Bel wakati wa baridi. Lilikuwa limebeba bi harusi, wenye meno mabovu, maiti mmoja na mwalimu mkuu pamoja na kabati lake. Kwa hiyo siku Eshimbek aliposema anakwenda sokoni kununua tairi za baridi, kila mtu alikuwa na la kumshauri, hata wale ambao hawajawahi kumiliki toroli.

Soko la tairi lilikuwa uwanja mpana uliojaa milima myeusi ya mpira uliokwisha kutumika katika nchi za mbali. Muuzaji mmoja aliwaonyesha kwanza tairi za misumari, akisema zinaing'ata barafu kama mbwa. Eshimbek alizitazama, akatikisa kichwa. Akamweleza binti yake kwamba misumari ni mizuri pale njia ilipo barafu tupu mwanzo hadi mwisho, lakini Ak-Bel ina theluji iliyoshindiliwa upande wa huku, na lami kavu upande wa pili unaopigwa na jua. Huko misumari huchakaa upesi. Yeye alitaka tairi laini, zile zenye mikato mingi myembamba usoni, zinazoshika kwa ulaini wake.

"Ila mpira una umri kama mtu," alisema. "Ukizeeka hukauka, na kwa macho huwezi kujua, maana hawa wanazipaka dawa ya kung'arisha. Bonyeza kwa ukucha, mwanangu. Zote nne."

Aijarkyn alivua glavu, akabonyeza tairi ya kwanza. Ukucha ulizama. Alishangaa, akabonyeza tena. Pale uwanjani kila kitu kilikuwa kimeganda: matope, matambara, hata tofaa alilokuwa nalo mfukoni lilikuwa gumu kama jiwe. Lakini mpira huu ulikuwa laini kama jibini, na alama ya ukucha ikajifunga taratibu mbele ya macho yake. Ni nani huyo aliyetengeneza kitu ambacho baridi haikiwezi? Ya pili nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Tairi ya tatu na ya nne zilikuwa nyuma ya lundo. Kufikia hapo vidole vilikuwa vinamuuma mpaka machozi yanamlengalenga, na upepo ulikuwa unaleta harufu ya sambusa za tanuri, za nyama ya kondoo na kitunguu. Alizitupia jicho zile mbili. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, kashata zake, yale matuta ya usoni, ndefu kama za wenzake. Akavaa glavu na, baba yake akiwa bado anabishana bei na muuzaji, akaenda kwenye tanuri.

"Zote nne?" baba yake alimuuliza aliporudi na mafuta mdomoni.

"Zote nne, baba."

Eshimbek akamgeukia muuzaji. "Binti yangu akisema zimefaa, basi zimefaa."

Aijarkyn alijifuta mafuta mdomoni. Alitaka kusema kweli, lakini fundi alikuwa ameshaanza kufunga magurudumu, na uongo, kama mnavyojua, unakuwa mzito kadiri unavyokaa.

Walirudi Jylgyn njia ingali kavu, kisha theluji ikaanguka, ikaendelea kuanguka. Nyua zilizama, na farasi wakawa wanatembea wakiwa wamezama hadi matumboni. Burulcha, dada yake Aijarkyn, ambaye mumewe alikuwa ughaibuni akijenga maghorofa, alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Nesi wa kijiji alimpapasa, akasema mtoto amelala kingamo. Mtoto wa namna hiyo hazaliwi Jylgyn. Ni lazima Burulcha afike hospitali ya ng'ambo ya mlima kabla uchungu haujaanza, na wingu lilikuwa limekwisha kukaa juu ya Ak-Bel. Mama yao alikuwa ameshatangulia mjini kuandaa mahali pa kufikia.

Asubuhi ya safari, bibi yao Kalipa alikunjua viganja, akawaombea dua, na wote wakapangusa nyuso zao. Aijarkyn alikaa kiti cha nyuma kumshika dada yake mkono.

Mwisho wa kijiji, kabla mlima haujaanza, kuna uwanda ambapo mto huganda na kufunikwa na theluji. Madereva wa Jylgyn wana desturi ya kulijaribu gari pale. Eshimbek aliongeza mwendo kidogo, akakanyaga breki.

Gari halikusimama. Mkia wake ulianza kwenda pembeni, polepole, bila kelele yoyote. Aijarkyn aliona mlima ukipita dirishani, kisha mto, kisha nyumba zao wenyewe. Gari lilipotulia lilikuwa linatazama lilikotoka, na vumbi la theluji lilikuwa linawashukia kimya. Kitu kizito kama kile, chenye injini na watu watatu na yule wa tumboni, kilikuwa kimegeuzwa kama unyoya.

Eshimbek alijaribu tena. Mkia ukaondoka tena.

"Mbele zinashika," alisema, kama anajisemea. "Ni nyuma tu. Tukienda taratibu, mbele zitavuta na nyuma zitafuata."

Lazima niseme kwamba hilo ni kosa la watu wetu. Farasi wa kiangazi hupigiliwa viatu vya chuma miguu ya mbele tu, basi na gari nalo tunalifanya farasi: mbele pakiwa pazuri, tunaona safari imekamilika. Burulcha, aliyekuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, alimtazama baba yake.

"Baba, kwani farasi wako majira haya unampigilia miguu mingapi?"

"Yote minne," Eshimbek alijibu.

"Haya. Na yeye hajanibeba mimi na mzigo huu."

Eshimbek alitazama wingu la Ak-Bel, akamtazama binti yake mkubwa, na Aijarkyn akaona anataka kuondoa gari. Aliijua ile njia. Alizijua kona zake ambazo ukichungulia huoni chini ila weupe.

"Baba, zile tairi mbili sikuzigusa. Nilikwenda kula sambusa."

Eshimbek alizima injini, akashuka, akapiga magoti kwenye theluji nyuma ya gari. Alibonyeza tairi kwa kidole chake kisichohisi kitu, akabaki anakitazama. Aijarkyn alishuka naye, akavua glavu, akabonyeza kwa ukucha. Ilikuwa kama kubonyeza kwato. Ya upande wa pili ilikuwa hivyo hivyo.

"Ngumu," alisema, na hapo akalia.

"Kulia utalia baadaye," baba yake alimwambia, bila ukali. "Kwanza tutafute tairi. Nani ana gari kama letu?"

Wote wawili walimjua. Jirani yao Jumash alikuwa na gari ambalo ni ndugu tumbo moja na lao, ila injini ilikufa tangu vuli. Lilikuwa limesimama uani kwake, limefunikwa mazulia ya sufu, na chini yake kulikuwa na tairi nne za baridi ambazo Jumash alizisifia mtaa mzima. Alikuwa mtu wa maneno ya kuchoma. Eshimbek alirudisha gari taratibu hadi langoni kwake, akamwambia Aijarkyn aende akaombe yeye, na aeleze sababu.

Jumash alimsikiliza mpaka mwisho huku akichokonoa meno.

"Sambusa ilikuwa tamu?" aliuliza.

"Ilikuwa tamu, mjomba. Kisha ikawa chungu."

"Ningekuwa baba yako ningekulisha tairi." Alikwisha kuinuka, anatafuta jeki. "Haya, shika spana. Usidhani nitafungua nati zote mwenyewe, mimi sikula kitu sokoni."

Walizifungua zote nne pamoja, maana tairi za seti moja hushika sawasawa, chuma kinanata kwenye glavu kwa baridi. Kila tairi ilipotoka, Aijarkyn aliilaza kwenye theluji, akavua glavu, akaibonyeza hapa na pale mpaka akazunguka yote. Hakuna aliyemtuma. Vidole viliuma, naye akaviacha viume. Zilipofungwa zote nne, Eshimbek alirudi uwandani, akaongeza mwendo, akakanyaga breki. Gari lilisimama papo hapo.

Wakapanda Ak-Bel. Kuta za theluji zilikuwa ndefu kuliko gari, kisha zikaisha, na upande mmoja ukawa mlima na upande mwingine ukawa hewa. Tai aliruka chini yao, na Aijarkyn akamwona mgongo. Hajawahi kuona mgongo wa ndege anayeruka. Hakuna mti, hakuna nyumba, ni weupe na bluu tu, na ukimya mkubwa hata mlio wa injini ulionekana kama unaomba ruhusa. Alijiona mdogo kabisa, na la ajabu ni kwamba udogo huo haukumtisha. Ulimfanya anyamaze kama mtu aliyeingia msikitini.

"Baba," alinong'ona kwenye kona moja, "nini hasa kinatushikilia hapa?"

Eshimbek aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, akamwonyesha kiganja.

"Hiki. Mahali tairi inapogusa njia ni kama kiganja tu, haizidi sana. Viganja vinne. Gari zima na sisi sote tumeshikwa na viganja vinne."

Aijarkyn alitazama kiganja chake mwenyewe, akatazama lile bonde lisilo na mwisho. Burulcha naye alitazama cha kwake, akakiweka juu ya tumbo. Wakavuka kilele, wakaanza kuteremka upande wa jua.

Mtoto alizaliwa kesho yake kwa kupasuliwa mama, mvulana mwenye kelele nyingi. Daktari alisema uchungu ungewakuta Jylgyn wangekuwa wanasimulia habari nyingine. Mama alikuwa chumbani na Burulcha. Aijarkyn alikuwa amekaa ukumbini na baba yake, wakinywa chai ya maziwa yenye chumvi, na hapo ndipo Eshimbek alipolisema lile alilokuwa amelinyamazia.

"Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ingeishia kwenye kona ya kwanza ya Ak-Bel, nasi tumo ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Sikiliza tena. Ungeniambia pale sokoni kwamba vidole vinauma na njaa inauma, ningekununulia sambusa kwanza, na tairi zingengoja. Kazi iliyofanywa nusu si aibu, ukisema ni nusu. Lakini nusu ukiiita nzima, kuna mtu atakuja kukanyaga ile nusu isiyokuwepo." Alikunywa chai. "Na mimi nilikosea. Nilijua kuna baridi, nikakuacha peke yako kwa sababu nilikuwa nafurahia kubishana na muuzaji. Ulisema kabla ya mlima, mwanangu. Ilikuwa vigumu, na ulisema. Hilo nalo nimeliona."

Siku chache baadaye walirudi nyumbani wawili tu, kumpelekea bibi Kalipa habari. Chini ya mlima Eshimbek alisimamisha gari, akamwomba Aijarkyn akague kama mawe ya njiani hayakukata tairi. Theluji mpya ilikuwa inaanguka, vipande vikubwa vya polepole, na Ak-Bel ilikuwa imefunikwa nusu. Aijarkyn alipiga magoti kwenye gurudumu moja baada ya jingine, akipapasa hadi ndani. Alipofika la tatu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alisimama, akaja dirishani.

"Tatu ni nzima, baba. Ya nne bado. Mikono imeganda, siwezi kuhisi kitu."

Eshimbek alimfungulia mlango, akamsogeza karibu na joto la injini, akaishika mikono yake katikati ya mikono yake mikavu. Wakaitazama theluji inavyoanguka. Kisha mikono ilipopata uhai, Aijarkyn akashuka kwenda kwenye tairi ya nne, na baba yake akabaki ndani akimngojea.