Misuguo Kumi

Kwenye leseni ya biashara yake, Fundi ameandikwa kuwa mwenye saluni. Siku aliyokwenda kuiomba, karani alitafuta kwenye fomu mahali pa kukarabati na kupaka rangi plastiki za magari, hakupaona, akamuuliza kwa upole kazi yake hasa ni nini. Fundi akajibu kwamba anaondoa mikwaruzo na kurudisha sura. Karani akaweka alama kwenye urembo. Tangu hapo kila mwaka huja mkaguzi kuangalia usafi wa taulo, na Fundi humwonyesha taulo moja jeupe analolitunza kwa ajili hiyo tu.

Jumanne ile ilianza kama Jumanne yoyote. Alifungua gereji, akamwagia sakafu maji ili vumbi litulie, akapanga misasa yake kuanzia ile inayong'ata mpaka ile laini kama karatasi ya chai. Macho ya Fundi yako vidoleni. Husugua mara kumi, hufuta, hufumba macho, hupapasa. Kisha kumi tena. Mkono wake umeizoea hesabu hiyo hata ukishaanza haukatiki njiani. Mkewe alikuwa akimtania kwamba nyumba ikishika moto, yeye atamalizia kwanza kumi zake.

Mkewe alikuwa mshonaji. Miezi minne iliyopita, alasiri ya mvua, gari lilimgonga kwenye barabara ya kiwanda cha mbao na dereva hakusimama. Hivyo ndivyo jalada la polisi lilivyosema, na jalada lingebaki wazi mpaka gari lipatikane. Kila Fundi alipokwenda kuulizia aliombwa nakala mpya ya cheti cha kifo, kana kwamba marehemu huenda amebadili mawazo.

Katika miezi hiyo aliyemshika mkono ni mtu mmoja: shemeji yake, kaka wa marehemu, mkaguzi wa mizani serikalini. Marehemu ndiye aliyembandika jina la Mihuri, akidai kwamba huyo hata kadi ya harusi angeipiga muhuri kabla ya kuifungua. Kwenye mazishi Mihuri alisimama na Fundi bega kwa bega, akashuka kaburini kumpokea dada yake. Barua zote za kuwakumbusha polisi aliziandika yeye, kwa Kiswahili cha ofisini kilichonyooka kama rula.

Basi saa nne ya Jumanne hiyo Mihuri akaingia na gari la ofisi, jeupe, ambalo kwa kawaida hulala kwenye yadi ya serikali. Alieleza kwamba Ijumaa analikabidhi, na fomu ya makabidhiano ina ukurasa mzima wa mikwaruzo, wenye mchoro wa gari wa kutia misalaba. Tatizo lilikuwa chini ya bampa la mbele, kwenye ile plastiki nyeusi. Mistari minne. Ua la miiba, alisema. Mafundi wawili walikwisha kuipaka rangi na ikarudi.

“Nimeambiwa mkono wako ndio utaweza, shemeji.”

Fundi akadhani anasifiwa.

Aliiosha plastiki kwa sabuni, akaipangusa kwa spiriti, akaisugua, akaitia puti ya kujazia mistari, akaisugua tena. Akapiga praima ya kushika rangi, rangi nyeusi, halafu klia, ile ya juu ya kung'arisha. Jioni alipofunga, bampa lilikuwa kama limetoka dukani.

Asubuhi ya Jumatano mistari ilikuwepo.

Alijilaumu mwenyewe kwanza, kama fundi yeyote mwenye aibu. Plastiki iliyowahi kupakwa nta huikataa rangi, na puti iliyochanganywa vibaya hunywea, ikauanika mkwaruzo ulio chini yake. Hayo anayajua. Asichokijua ni kwa nini klia ilikuwa imefunuka kwenda nje, kingo zake zimesimama, kama ngozi iliyosukumwa na kitu kutoka ndani. Aliinama kutafuta unga wa rangi sakafuni. Sakafu ilikuwa safi.

Akarudia kazi yote. Alimpigia Mihuri kumweleza, naye Mihuri hakushangaa hata kidogo. Alitaka tu kujua hiyo ni mara ya ngapi. Fundi akasema ya pili. Mihuri akasema vizuri, jitahidi shemeji, bado moja.

Alhamisi mistari ilikuwepo, imezama zaidi, na ina unyevu. Fundi aliugusa unyevu ule, akaunusa. Ulinuka vumbi la barabarani linapopata mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

Alikaa chini mbele ya bampa akaanza kwa mara ya tatu. Safari hii alipapasa polepole, maana alikuwa ameanza kuogopa. Mkwaruzo kwenye plastiki una mwanzo na mwisho. Unapoanzia huzama. Unapoishia, plastiki hujikunja kinundu kidogo. Ua la miiba huparura kwa kulala, kufuata gari linavyokwenda. Hii ilitoka juu ikashuka chini, kuelekea uvunguni. Minne, inayokwenda pamoja.

Aliisugua kumi. Akafuta. Akafumba macho.

Mistari mitatu ilikuwa imekwisha. Ule wa pili ulibaki kidogo, na vidole vikahisi kwamba haukuwa mstari mmoja. Ilikuwa miwili myembamba, imelala sambamba kama reli.

Akaanza kumi za mwisho.

Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye ya nne akaelewa. Sindano ya cherehani iliwahi kupita kwenye ukucha wa kidole cha kati cha mkewe, na ukucha ukaota umepasuka katikati. Vumbi la msasa lilipomwasha Fundi mgongoni, alikuwa akimwomba mkewe amkune. Reli ile aliijua kwa ngozi yake.

Tano. Sita.

Alitaka kuuzuia mkono.

Saba. Nane.

Chini ya kiganja, plastiki ilikuwa ya moto.

Tisa.

Kumi.

Kitu kikalegea. Alikihisi waziwazi, kama unavyohisi mtu uliyemshika mkono anapokuachia. Alifumbua macho. Bampa lilikuwa laini, tupu, na baridi.

Mihuri alimkuta pale pale sakafuni, saa saba mchana. Hakusalimia. Alipiga magoti akapitisha kiganja kwenye plastiki, akarudi, akapitisha tena. Halafu akashusha pumzi ndefu.

“Imetoka,” alinong'ona.

“Ulikuwa wewe,” akasema Fundi.

Mihuri alitazama mlangoni kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba mvua ilikuwa kubwa na gari hakupewa ruhusa ya kulitoa siku ile. Hakujua ni nani mpaka aliposhuka.

“Kwa hiyo ulishuka.”

“Nilishuka.”

“Alikuwa hai?”

Mihuri akajifuta kiganja kwenye suruali.

“Alikuwa ameshika bampa. Aliniita jina. Gari lisingeondoka naye ameshika, shemeji. Nilivitoa vidole. Kimoja kimoja.”

Yaliyobaki aliyasema haraka, kama anayesoma masharti ya nyuma ya fomu. Mistari ilipoanza kurudi alikwenda kwa mtaalamu. Mtaalamu akamwambia marehemu bado ameshikilia, na hatamwachia yeyote ila mkono wa mumewe. Mara tatu, kwa mkono wake, bila kuambiwa. Ya tatu angeachia.

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe kwa vumbi la msasa mpaka kwenye viwiko. Miezi minne alikuwa akilia kwenye bega la mtu huyu. Mtu huyu alikuwa amesimama pale akisubiri, amemchagulia kazi.

Alisema anakwenda polisi. Mihuri hakumzuia. Alimuuliza tu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, atawaonyesha nini.

Sajini alikuja alasiri ile na kamera. Mihuri alisimama nje ya geti na simu sikioni, mtu asiye na haraka. Fundi alieleza kila kitu. Sajini akasikiliza vizuri, akachuchumaa, akatazama bampa, akasema haoni mkwaruzo.

“Nimeufuta,” akasema Fundi.

“Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo, ukauharibu wewe?”

Fomu aliyokuja nayo sajini ilikuwa na mahali pa kujaza mwenye gari, shahidi na mtuhumiwa. Alizungusha kalamu hewani muda mrefu, hajui jina la Fundi liingie wapi. Mwisho akasema hilo litaamuliwa ofisini. Akamwambia asimame nyuma, asiguse kitu. Fundi akasimama nyuma yake, hatua nne, mikono ameifumbata mgongoni. Sajini akapiga picha nne za bampa, moja baada ya nyingine. Mihuri akaingia, akawasha gari, akaondoka. Ijumaa akalikabidhi. Ukurasa wa mikwaruzo ulibaki mweupe.

Wiki mbili baadaye Fundi akaitwa kituoni kutia sahihi ili jalada lifungwe: gari limekaguliwa, halina mkwaruzo. Aliombwa nakala ya cheti cha kifo, akaitoa. Sajini akamgeuzia ukurasa uliobandikwa picha, zimepewa namba, moja hadi nne.

“Nilikwambia usiguse,” akasema, akiwa amechoka zaidi ya kukasirika. “Sasa thibitisha hapo kwamba ni mkono wako, yaishe.”

Picha ya kwanza: bampa, na vidole vinne vimelishika kutoka uvunguni.

Ya pili: vidole vitatu.

Ya tatu: viwili.

Kwenye ya nne kilibaki kimoja, cha kati. Na katika zote nne kulikuwa na mkono mwingine, umetoka juu, unavibandua.

Fundi aliinama karibu. Alitafuta mkono wa Mihuri, saa yake, kishikizo cha shati lake la ofisini. Hakuviona.

Mkono ule ulikuwa mweupe kwa vumbi la msasa mpaka kwenye kiwiko.

“Ni wako, sivyo?” akauliza sajini, akimsogezea kalamu.

Fundi aliipapasa picha ya nne, pale ukucha wa kidole kile ulipopasuka katikati.

“Ni wangu,” akasema, akatia sahihi.