Msaada Ndani ya Kompyuta ya Yudith

Yudith wa Mbaga ni fundi cherehani. Asubuhi humaliza chai na mumewe Fanueli, mume huenda shambani, naye hufungua chumba cha kazi. Humo mna mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta ya kubebeka.

Wiki hiyo alikuwa na kazi nzito. Watoto thelathini na wawili wangepata kipaimara Jumapili, na binti yake Jenifer alikuwa mmoja wao. Kila kanzu ilitakiwa kutariziwa msalaba mwekundu kifuani. Ilikuwa Alhamisi, na kanzu tisa tu ndizo zilizokuwa tayari.

Mashine ikagoma. Kompyuta ikaandika: "Fremu si sahihi." Fremu ni kile kifaa kinachobana kitambaa kisicheze. Yudith akabonyeza Msaada. Wapi! Ukurasa mweupe, na kiduara kinazunguka tu. Ukungu ulikuwa umeshuka, na pale kwake mtandao ni wa kubahatisha hata siku ya jua.

Akabeba kompyuta hadi jabali la juu ya kanisa, wanakopanda watu kupiga simu. Kule msaada ukafunguka. Akanakili maelezo, akashuka, akayafuata. Mashine ikatoa ujumbe mwingine, ambao maelezo yake hakuyanakili. Akapanda tena. Safari ya tatu magoti yalimwuma, naye akampigia simu Shamimu, fundi wa kompyuta pale mjini Same.

Jioni Fanueli alimkuta amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

"Mama Jenifer, vipi?"

"Naogopa, baba Jenifer. Watoto watasimama mbele ya askofu na kanzu tupu, na mimi ndiye niliyeahidi."

Ijumaa asubuhi Shamimu akafika na gari la kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niokoe."

Shamimu aliitazama kompyuta, akatabasamu.

"Mama, siku ulipoweka programu hii ya kutarizi, ilikuuliza msaada ukae wapi?"

"Iliuliza. Nikachagua mtandaoni. Niliona ndiyo mambo ya kisasa, tena haijazi kompyuta."

"Basi kurasa zako za msaada zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye programu, huko mbali. Ukiuliza, ni lazima mtandao ukuletee jibu. Mtandao ukikatika, umebaki mwenyewe."

"Kumbe kosa ni langu."

"Si kosa. Mimi dukani kwangu Same natumia msaada huohuo wa mtandaoni. Mtandao upo, na wenyewe wakirekebisha maelezo nayapata palepale. Lakini huku kwenu, uwe na msaada ndani ya kompyuta. Utafunguka hata kukiwa na ukungu."

"Na ubaya wake?"

"Unachukua nafasi kidogo. Na maelezo huchakaa, hayajibadilishi yenyewe. Ukishuka Same kununua nyuzi, pitia kwangu tuweke mapya."

Yudith akafikiri. Same hushuka kila mwezi.

"Niwekee ndani," akasema.

Shamimu alikuja na kurasa zote kwenye flashi. Haikupita nusu saa, zikawa zimeingia. Kisha akarudisha mikono nyuma.

"Sasa fungua wewe, mama. Mimi sigusi."

Yudith akabonyeza Msaada. Ukurasa ukafunguka hapohapo. Akasoma polepole: zima mashine, toa fremu, chagua ukubwa wake kwenye kompyuta, irudishe, washa. Kumbe tatizo lilianza alipobadili fremu bila kuiambia kompyuta! Ujumbe wa pili ulipotokea, alifungua ukurasa wake akiwa amekaa palepale kwenye kiti. Sindano ikaanza kazi. Yudith akacheka, machozi yakamtoka.

Jumamosi uzi ulikatika mara mbili. Hakumwita mtu. Alisoma, akalegeza uzi, akaendelea. Saa kumi jioni akapiga pasi kanzu ya mwisho, ya Jenifer.

Jumapili watoto walisimama mbele ya askofu, misalaba thelathini na miwili imenyooka vifuani. Yudith aliihesabu yote kutoka kwenye benchi lake. Mahubiri yalipoanza, akasinzia.

Fanueli akamgusa kiwiko. "Mama Jenifer, watu wanakuona."

"Waache waone," akanong'ona Yudith, akiwa amefumba macho. "Nimemaliza."